Elfu tano tano, saa nne nne

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hauna haja ya vibao vya bei. Ukiingia kutokea Barabara ya Uhuru, kabla macho hayajatulia kwenye bidhaa yoyote, masikio yameshapata orodha nzima: fulana elfu tano tano, soksi buku buku, vitana jero jero, na juu ya rundo la mitumba amesimama kijana anayepiga makofi na kunadi mashati ya elfu mbili mbili. Hakuna mteja anayeuliza maana yake. Elfu tano tano ni elfu tano kwa kila moja. Ukichukua mbili ni elfu kumi, ukichukua tatu ni kumi na tano, na ukimpa muuzaji elfu nne na mia tano atabaki ameshika noti zako mkononi, anakutazama, mpaka uongeze jero iliyobaki.

Mara simu ya kijana wa mashati inaita. Ni mteja wake wa jumla, anataka kujua apitie mzigo saa ngapi. "Njoo saa nne nne, dada," anamjibu, kisha anarudi kwenye makofi yake.

Namba imetajwa mara mbili kama ilivyotajwa kwenye bei, kwa kinywa kilekile, ndani ya dakika hiyohiyo. Lakini dada aliyeko upande wa pili wa simu hataipokea saa yake kama wateja wa pale mezani walivyoipokea bei. Anajua kwamba akifika saa tatu na nusu hatamshangaza mtu, na akifika saa tano kasorobo hajachelewa. Bei iliporudiwa ilikaza. Saa iliporudiwa ililegea.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwa kifupi kwamba neno likirudiwa limesisitizwa. Wataalamu wa sarufi wanaita jambo hilo uradidi, na wao wanaeleza vizuri kwamba kazi zake ni nyingi. Ila katika daftari la mwanafunzi hubaki kazi moja tu, msisitizo, pamoja na mifano yake ya kudumu, polepole na harakaharaka. Mtu akitoka na daftari hilo akaenda kufanya biashara Kariakoo, atasubiri mizigo mingi ambayo haijafungwa bado. Kwa Kiswahili, kurudia neno la wakati ni kumwachia msikilizaji kazi: asikilize ni neno la aina gani lililorudiwa, ndipo ajue kama muda umebanwa au umeachiwa.

Chukua "mara moja". Bosi akisema gari lishushwe mara moja, makuli wanakimbia. Lakini mwambie rafiki yako kwamba Zanzibar unakwenda mara moja moja, naye ataelewa kuwa huendi sana: labda Idi, labda Pasaka, labda kukiwa na msiba. Neno lenye haraka kuliko yote limeongezewa "moja" nyingine, haraka yote imekwisha. "Juzi" nayo ina tarehe yake. Leo ikiwa Jumamosi, juzi ni Alhamisi, hakuna ubishi. Ila aliyenunua friji juzijuzi anaweza kuwa ameinunua mwezi uliopita, na hata ukimbana atashikilia kwamba ndiyo, juzijuzi.

Sasa geuza upande. Anayekuja asubuhi asubuhi amekugongea kabla hujanawa uso. Waliohama usiku usiku walihama giza likiwa bado limetanda, na mara nyingi walikuwa na sababu ya kulitaka giza hilo. Mwenye nyumba anayedai kodi anaijua sababu yenyewe. Mzigo wa leo leo ni wa leo, haulali. Na lugha ina vifungo vikali zaidi ya hapo: leo hii hii, saa hii hii, papo hapo, siku ileile. Wafanyabiashara wakisimulia usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, hawasemi "usiku ule" wakanyamaza. Ni usiku ule ule walipopigiwa simu, usiku ule ule walipokuja mbio kutoka Mbagala na Gongo la Mboto, usiku ule ule walipousimamia moshi wa mtaji wao. Vionyeshi vikirudiwa havilegei hata kidogo. Vinabana kuliko kitu kingine chochote katika Kiswahili cha saa na siku.

Nilishuhudia mapambano ya aina hizo mbili za kurudia katika fremu moja ya vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey. Mama mmoja wa makamo alikuwa amenunua kava, chaji na vioo vya kubandika, vyote vya jumla, vya kwenda Songea. Pesa ilikuwa imeshalipwa kwa simu na ujumbe wa muamala umeshaingia. Lililobaki lilikuwa kufunga maboksi na kuyafikisha kwenye basi.

"Mama, mzigo wako unatoka leo leo," kijana wa dukani akamwambia huku anatafuta gundi ya karatasi.

"Saa ngapi?"

"Jioni jioni."

"Jioni jioni ya saa ngapi, mwanangu?"

"Kumi na moja, kumi na mbili hapo."

"Hapo wapi? Dereva wa basi hajui 'hapo'."

Winga aliyemleta mama yule, ambaye kamisheni yake ilikuwa bado haijatoka, alijaribu kupoza: "Usijali mama, tutausimamia, utafika mapema mapema." Hilo ndilo lililomwasha. Akavuta boksi tupu, akalikalia, akaweka mkoba mapajani. "Fungeni saa hii hii," akasema, "mimi nikiwa naona." Kijana akacheka, akamwita mwenzake, wakafunga. Jina la mpokeaji na namba ya simu vikaandikwa kwa maka peni pande mbili za kila boksi, kijana wa guta akaitwa, na mama akaondoka nyuma ya guta lile bila kuliachia nafasi ya hata mita ishirini.

Hakuwa mkali, alikuwa mjuzi. Katika "leo leo" alisikia ahadi, na aliikubali. Katika "jioni jioni" akasikia mlango ulioachwa wazi. Halafu "mapema mapema" ya winga ikampa picha kamili, kwa sababu aliyekuwa akiisema hakuwa ndiye atakayefunga boksi. Akajibu kwa kionyeshi kilichorudiwa, silaha pekee ambayo haina upenyo. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo. Amefundishwa na mabasi yaliyoondoka bila mzigo wake.

Kwa nini asubuhi ikirudiwa ikaze, na jioni ikirudiwa ilegee? Nimewauliza watu wengi, na majibu niliyopata ni vicheko. Mimi nina dhana yangu. Asubuhi ina mwanzo unaojulikana, jua linapochomoza, tena ni hapo saa za Waswahili zinapoanza kuhesabiwa. Ukiirudia unausogelea mwanzo huo. Jioni haina mlango. Inaanza mchana unapochoka na kuishia giza linapoingia, kwa hiyo ukiirudia unatanga ndani yake. Saa zenye namba ndizo zilizonisumbua zaidi mpaka nikarudi kuwasikiliza wauza fulana. Katika "elfu tano tano", tano ya pili ina mahali pa kwenda: inakwenda kwenye fulana ya pili, na ya tatu, na zote zilizomo kwenye rundo. Katika "saa nne nne" hakuna fulana ya pili. Siku ina saa nne moja tu ya asubuhi. Ile nne iliyozidi, kwa kukosa pa kwenda, inakaa ubavuni mwa mwenzake na kuifanya saa iwe pana.

Mtu atasema: na Sabasaba je? Swali zuri, tena la jirani kabisa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na ilizaliwa ukingoni mwa Kariakoo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Siku ya saba ya mwezi wa saba ikawa Sabasaba, na hadi leo Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam kule Barabara ya Kilwa yanaitwa hivyo hivyo na kila mtu. Nanenane ya wakulima ikafuata njia hiyo, tarehe 8 Agosti. Hapa namba imerudiwa na hakuna kilicholegea, kwa sababu saba ya pili nayo ina kazi yake: moja imeshika siku, nyingine imeshika mwezi. Lakini mwambie mtu mkutane Sabasaba saa saba saba. Siku hataikosea. Saa, atajipangia mwenyewe.

Kulegea huku kuna faida yake, na si haki kukuita uzembe. Asilimia kubwa ya mji huu inasafiri kwa vyombo visivyo na ratiba. Daladala inangoja ijae, bodaboda inapita palipo na upenyo, kirikuu la mzigo limekwama Mtaa wa Msimbazi nyuma ya makuli wanaoshusha majora ya vitambaa katikati ya njia. Anayesema "nafika saa nne kamili" katika hali hiyo anajitia kitanzi. "Saa nne nne" ni unyoofu: nimekupa saa, na nimekupa nafasi ya foleni. Waislamu na wasio Waislamu wa Kariakoo wana kipimo kingine kinachofanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi, yaani adhana. Karibu na Msikiti wa Manyema au wa Mtoro, watu hupeana miadi ya baada ya alasiri, au magharibi magharibi, na hakuna anayetazama simu. Muadhini ndiye saa, na kila mmoja amemsikia.

Vyombo visivyojua uradidi vinaongezeka, hata hivyo. Mashine ya EFD, iliyoingia nchini mwaka 2010, inatoa risiti yenye saa, dakika na sekunde, na haina kitufe cha "hivi". Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, wako waliofika stesheni kwa mwendo wao wa saa kumi na mbili kumi na mbili, wakakuta mlango umefungwa na behewa zinajongea. Hawakuwa na wa kubishana naye.

Palipo na mkopo, mambo huwa mazito. Biashara kubwa ya Kariakoo haiendeshwi kwa pesa iliyoko mfukoni. Kuna mali kauli: tajiri anakupa mzigo kwa neno lako, unakwenda kuuza Kahama au Tunduma, unarudisha pesa. Hakuna karatasi, na mara nyingi hakuna shahidi. Kinachoshikwa ni maneno ya muda tu, ndiyo maana matajiri wa mali kauli wana masikio makali kuliko mahakimu. Mdaiwa akisema "mwisho wa mwezi", tajiri anaitikia. Akisema "mwisho mwisho wa mwezi", tajiri anatikisa kichwa, kwa sababu ameshasikia tarehe tano ya mwezi unaofuata ikichungulia. "Mwanzoni mwanzoni" ni mbaya zaidi. Na akianza "siku mbili tatu hizi", namba mbili zilizopangwa bega kwa bega ambazo hazijawahi kuwa mbili wala tatu, hapo mazungumzo yamehama kutoka kwenye deni na kuingia kwenye udugu.

Ukifika mahali hapo, maneno yanayoelezea hali yako nayo yamerudiwarudiwa. Unapigwa danadana. Unazungushwazungushwa. Mtu amekuwa wa kesho kesho. Tazama vitenzi vinavyorudiwa, utaona vingi vinanukia kukosa mwelekeo: kutembeatembea si safari, kuchezacheza si mchezo, na kungojangoja si kungoja. Anayengoja anajua anachongoja. Anayengojangoja ameshaanza kushuku, ndipo wahenga wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga haohao walisema pia haraka haraka haina baraka, na sijui ni nani aliyewapatanisha. Nadhani wa kwanza alikuwa mdai na wa pili alikuwa mdaiwa.

Neno lililoumia kuliko yote ni "sasa hivi". Kwa asili yake lina nguvu: sasa, tena hivi, kwa namna tulivyo. Lakini limeahidi mno. "Natuma sasa hivi" ya mtu mwenye pesa kwenye simu inaweza kuchukua dakika mbili au ikachukua mpaka mechi iishe. "Nipo hapo sasa hivi" ya dereva wa bodaboda imetamkwa akiwa bado anavaa viatu. Maneno ya ahadi huchakaa kama noti za mia tano zilivyokuwa zikichakaa mikononi mwa makonda: thamani imeandikwa palepale, ila hakuna anayetaka kuipokea. Basi watu wanatia viraka. Sasa hivi tu. Sasa hivi hivi. Sasa hivi ninavyoongea na wewe. Vijana wakaleta "dakika sifuri", na kabla haijakaa sawa, dakika sifuri nayo ikawa nusu saa.

Wanaodhani ni ugonjwa wa Waswahili peke yao wakatazame Kiingereza, lugha inayojisifu kwa saa zake. Waingereza wana usemi wa neno moja lililorudiwa, "by and by". Katika Biblia yao ya mwaka 1611, binti wa Herodia anapotaka kichwa cha Yohana Mbatizaji, anakitaka "by and by", maana yake papo hapo, mfalme asipate hata nafasi ya kujuta. Leo usemi huohuo unamaanisha baadaye, siku moja, huko mbele. "Soon" nayo katika Kiingereza cha kale ilikuwa mara moja, ikachoka, ikawa karibuni. Kila kizazi kiliahidi kwa neno hilo na kuchelewa kidogo, mpaka uchelewaji ukawa ndiyo maana yenyewe.

Kwa jumla, lakini, Kiingereza kikirudia neno la wakati hupanda tu. "Again and again", "years and years", "never ever": kila mara ni zaidi, ni ndefu zaidi, ni kabisa zaidi. Tena kwa kawaida kinadai kiunganishi katikati. Ndiyo maana mwanafunzi wa sekondari anayeandika kwa Kiingereza kwamba shangazi alifika asubuhi asubuhi, akaandika "morning morning", anapigwa mstari mwekundu, ingawa alichokiona kichwani, yaani shangazi mlangoni, kanga imelowa umande, kiko sahihi kabisa. Mwafrika Kusini angemwelewa. Kule Kiingereza kimeishi na lugha nyingine mpaka kikapata "now now", na ukiambiwa hivyo Johannesburg usisimame mlangoni, maana yake ni baada ya muda kidogo. Uambiwe maneno hayohayo Lagos, ni sasa hivi, tena usipochangamka utafokewa. Sauti ni zilezile, bara ni lilelile, lakini saa ni mbili tofauti. Kwa hiyo hata kwa Kiingereza mtu hana budi kuuliza kwanza: anayerudia ni wa wapi?

Kariakoo na mitaa jirani ya Kisutu na Upanga ina lugha nyingine ambazo uradidi wake uko karibu zaidi na wetu. Wenye maduka Wagujarati wana neno la "sasa" ambalo katika sikio la Mswahili ni "hamna", likiwa na pua kidogo mwishoni. Wakilirudia, hamna hamna, halikazi. Linageuka kuwa siku hizi, hivi karibuni. Ni mwendo uleule wa juzi na juzijuzi. Sitaki kudai kwamba tuliazimana, ila najaribu kufikiria mteja wa zamani akiwa kaunta, anamsikia mwenye duka anamwambia mwanawe "hamna", anageuka na kuondoka akidhani bidhaa imekwisha, kumbe ameambiwa inaletwa sasa. Na wale wanaosafiri kwenda Guangzhou na Yiwu kuchukua mizigo hurudi na maneno machache ya Kichina, mengi ya bei, na mojawapo ni "tiantian": siku-siku, yaani kila siku. Huko siku iliyorudiwa inagawanywa sawasawa, kama fulana za Mtaa wa Kongo. Halafu kuna "manman", polepole, ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa Mtanzania yeyote.

Muda mrefu, kwa upande wetu, tunausema kwa namna ambayo sijaikuta kwingine. Sisi nasi tuna "miaka na miaka", lakini mtu aliyechoka kweli hasemi hivyo. Anasema miaka nenda, miaka rudi. Siku nenda, siku rudi. Hapo muda haurundikwi tu. Unakwenda, unarudi, unamkuta mtu palepale alipokuwa. Machinga aliyehamishwa kutoka kando ya barabara kwenda eneo jipya, akarudi, akahamishwa tena, anaposema siku nenda siku rudi hatii chumvi. Anasimulia. Na tuna "punde si punde", ambapo neno linarudiwa ili lijikane lenyewe: ni punde, wala si punde, na kabla hujaamua ni lipi, jambo limeshatokea. Msimuliaji mzuri wa mpira redioni anaijua thamani yake.

Wahariri nao wana ugomvi wao hapa, na nautaja kwa kuwa unanihusu kila siku. Je, ni "pole pole" au "polepole"? "Mbali mbali" au "mbalimbali"? Kamusi zinaunganisha, na magazeti mengi yamefuata. Mimi naunga mkono pale neno lilipokwisha kuwa kitu kimoja: polepole haina tena pole mbili, na juzijuzi haina juzi mbili. Lakini "saa nne nne" ukiiunganisha unaiua. Nafasi ile katikati ya nne na nne ndiyo foleni ya Msimbazi yenyewe.

Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Taa zikaongezwa, na wenye maduka wakaanza kupiga hesabu za wauzaji wa usiku, hasa kwa ajili ya wateja wa mikoani na wa nchi jirani, wale wanaoshuka kwenye basi usiku, wakanunua usiku usiku, wakapanda jingine kabla hakujapambazuka. Kuruhusiwa tena kwa mabasi ya usiku mwaka 2023 kulishaufungua mlango huo. Soko ambalo lilikuwa na alfajiri na magharibi likaambiwa halina tena kingo.

Na hapo uradidi ukaleta tatizo jipya. Siku ya saa 24 hugawanywa kwa zamu, na zamu tatu ni za saa nane kila moja. Tajiri anawakusanya vijana wake na kuwaambia kwamba kuanzia Jumatatu watafanya kazi saa nane nane. Kwa maana moja, hilo ni tamko kali kabisa: kila mtu saa nane, ni elfu tano tano ya muda, na dakika zikipungua mshahara unapungua. Kwa maana nyingine, ile ya simu ya dada wa jumla, ni mwaliko wa kufika mchana, baada ya chakula, kwenye saa nane hivi. Kijana aliyetoka bara mwezi huu ana haki ya kuisikia ya pili, na tajiri ana haki ya kumkuta hayupo asubuhi na kumkata.

Mitaani wameshalitatua. Wanasema "masaa". Saa nane ni wakati unaosomwa ukutani. Masaa nane ni muda unaofanyiwa kazi na kulipwa. Walimu wa Kiswahili wanalikataa neno hilo, wanasema saa ni saa katika umoja na wingi, na kwa sarufi wako sawa. Mimi mwenyewe nalifuta kwenye habari za waandishi wachanga kila Ijumaa. Lakini nikimsikia tajiri wa Kariakoo anawaambia vijana wake "masaa nane nane", sina la kumsahihisha. Jumatatu asubuhi vijana wote wanajua nani anafungua duka.